Tone la Oili Chini ya Gari



Somo letu la leo linahusu gari. Labda wewe huna gari. Lakini huenda kikundi chako kina gari, au mazao yako yanapelekwa sokoni kwa gari. Gari likiharibika, mazao yanaoza. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote. Soma polepole. Kama hukuelewa sehemu fulani, isome tena, kisha endelea.

Kisa cha gari la kikundi

Kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya kilikuwa na gari dogo. Lilikuwa gari la gia za mkono. Kila siku ya soko gari hilo lilipeleka nyanya mjini. Liliporudi lilileta mbegu, dawa na mbolea. Jioni dereva aliliegesha chini ya mwembe.

Asubuhi moja dereva aliondoa gari pale lilipolala. Akaona doa jeusi kwenye mchanga. Doa lilikuwa dogo kama kisahani cha kikombe. Kesho yake akaona doa jingine. Akaenda kwa mama mweka hazina wa kikundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za gari?"

"Gari si zima sana, mama. Linavuja oili karibu na gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Naona ni oili ya giaboksi."

"Inavuja nyingi?"

"Ni matone tu, mama. Lakini hayakomi."

Mama alifungua daftari la kikundi. Fedha zilikuwa chache. Akasema, "Basi tungoje tuuze mavuno ya mwezi huu. Matone hayawezi kuua gari."

Mwezi ukapita. Siku moja gari lilikuwa limebeba matenga ya nyanya. Dereva akasikia giaboksi inalia. Akiongeza mwendo, mlio uliongezeka. Akipunguza mwendo, mlio ulipungua. Gia nazo zikawa ngumu kuingia. Dereva akasimamisha gari kando ya barabara na kutafuta fundi.

Je, matone yaliweza kuua gari? Kabla ya kujibu, tujifunze kwanza matone hayo yalitoka wapi.

Sili ni nini?

Ndani ya giaboksi kuna meno ya chuma. Meno hayo huzunguka na kusuguana. Oili huyalainisha na kuyapunguzia joto. Bila oili, chuma hula chuma.

Katika magari mengi madogo, kama Corolla nyingi za miaka ya 1990, injini huendesha magurudumu ya mbele. Kutoka kwenye giaboksi hutokea vyuma viwili virefu. Kimoja huenda gurudumu la kushoto, kingine huenda gurudumu la kulia. Vyuma hivyo huitwa ekseli. Ekseli huzunguka wakati wote gari linapokwenda.

Mahali ekseli inapoingia kwenye giaboksi pana tundu. Oili ingeweza kutoka hapo. Ili isitoke, huwekwa sili. Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira. Mpira huo una mdomo mwembamba unaoikumbatia ekseli. Nyuma ya mdomo kuna springi ndogo ya mviringo inayoubana. Ekseli huzunguka, lakini sili haizunguki. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie.

Zamani sili zilitengenezwa kwa ngozi. Siku hizi hutengenezwa kwa mpira unaostahimili oili na joto. Hata hivyo, mpira nao huzeeka.

Kwanza tambua ni oili gani

Ukiona doa chini ya gari, usikimbilie kufungua nati. Chunguza kwanza. Weka kipande safi cha boksi chini ya gari usiku. Asubuhi tazama, shika na unuse.

Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi.

Oili ya gia huwa nzito na yenye utelezi. Mara nyingi ina harufu kali, kama ya kiberiti.

Mafuta ya breki huwa mepesi kama maji. Ukiyaona karibu na gurudumu, usiendeshe gari hilo. Breki zinaweza kukataa.

Maji ya rejeta huwa na rangi, na hayana utelezi wa oili.

Kama unaona grisi imerukia ndani ya gurudumu, tazama kifuko cha mpira kwenye ekseli. Huenda kimepasuka. Hiyo ni kazi nyingine, si ya sili.

Sasa futa giaboksi kwa tambara mpaka ikauke. Endesha gari kidogo, kisha tazama tena. Kama oili imelowesha pale ekseli inapoingia, sili inavuja.

Kwa nini sili huvuja?

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Watu wengi hubadilisha sili tu. Baada ya muda mfupi sili mpya nayo huvuja. Hulaumu duka, au humlaumu fundi. Lakini sababu ya kwanza bado ipo. Sababu zenyewe ni hizi:

1. Mpira umezeeka. Umekuwa mgumu na umepasuka.

2. Ekseli ina mfereji. Mdomo wa sili umeisugua mahali pamoja kwa miaka mingi. Sili mpya haiwezi kuziba mfereji huo.

3. Beringi imelegea. Ekseli hucheza huku na huku, na mdomo wa sili hauwezi kuifuata.

4. Kipumulio kimeziba. Juu ya giaboksi kuna kitundu kidogo chenye kofia. Gari likienda, hewa iliyo ndani hupata joto na kutanuka. Hutokea kwenye kitundu hicho. Kikizibwa na tope, hewa haina njia. Huisukuma oili itoke kwenye sili.

5. Sili iliwekwa vibaya. Ilikaa upande, au mdomo wake ulikwaruzwa.

6. Oili imezidi kipimo.

Kumbuka: sili inayovuja inatoa habari. Usiifunge mdomo kabla ya kuisikiliza.

Usalama kwanza

Kama huna vifaa, mpelekee fundi gari lako. Lakini ukizijua hatua za kazi, utaweza kumwuliza maswali na kufahamu unacholipia.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki inaweza kuteleza, na gari huua. Tumia stendi za chuma zilizo imara. Usitumie matofali, kwa sababu hupasuka ghafla.

Acha oili ipoe, kwani oili ya moto huunguza ngozi. Usivute sigara na usiwashe moto karibu na kazi. Watoto wakae mbali.

Hatua za kazi

Hatua ya 1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma.

Hatua ya 2. Gurudumu likiwa bado chini, legeza nati kubwa iliyo katikati yake. Hiyo ni nati ya ekseli. Kama ina pini ya kufungia, itoe kwanza. Mwenzako akanyage breki wakati unalegeza. Legeza pia nati za gurudumu.

Hatua ya 3. Inua gari kwa jeki na uweke stendi. Litikise kidogo uone kama limekaa imara. Kisha toa gurudumu.

Hatua ya 4. Giaboksi ina bolti ya kujazia oili na bolti ya kumwagia oili. Legeza kwanza bolti ya kujazia. Kwa nini? Kama bolti ya kujazia imekwama na umekwisha kumwaga oili, utarudishaje oili ndani? Ikilegea, weka beseni chini, fungua bolti ya kumwagia.

Tazama oili inayotoka. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma si jambo la kawaida. Ukiviona, giaboksi imeumia.

Hatua ya 5. Fungua kiungo cha chini cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita boljointi. Sasa unaweza kuvuta nje sehemu inayoshika gurudumu, ili ekseli itoke kwenye habu. Usivute bomba la breki. Magari mengi ya siku hizi yana pia waya mdogo hapo. Usiukate.

Hatua ya 6. Toa ekseli kwenye giaboksi. Chukua mtaimbo mdogo. Uweke kati ya giaboksi na kichwa cha ekseli. Sukuma kwa mshtuo mmoja mfupi. Usivute kwa kushika katikati ya ekseli, kwa sababu viungo vyake vinaweza kuachana. Usiiache ining'inie. Ifunge kwa kamba.

Fanya upande mmoja kwanza. Ukimaliza kabisa, ndipo uende upande wa pili. Katika baadhi ya magari, ukitoa ekseli zote mbili kwa pamoja, gia za ndani zinaweza kuhama mahali pake.

Hatua ya 7. Kabla ya kutoa sili ya zamani, tazama imezama kiasi gani. Sili mpya itakaa hivyo hivyo. Kisha itoe kwa bisibisi pana. Fanya taratibu. Ukikwaruza ukuta wa tundu, oili itapita hapo.

Hatua ya 8. Safisha tundu kwa tambara safi. Sasa tafuta sababu. Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapogusa ekseli. Ukucha ukikwama, pana mfereji. Onyesha fundi mwenye uzoefu. Uliza pia kama beringi inacheza. Kisha panda juu, safisha kipumulio. Kofia yake iwe nyepesi na tundu lake liwe wazi.

Hatua ya 9. Weka sili mpya. Upande wenye springi utazame ndani, kwenye oili. Paka oili kidogo ya gia kwenye mdomo wa mpira. Usiipige sili kwa nyundo moja kwa moja. Weka juu yake kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake wa nje. Gonga kidogo kidogo, pande zote, mpaka ikae sawa.

Hatua ya 10. Mwisho wa ekseli una pete nyembamba ya chuma. Weka pete mpya. Paka oili. Ingiza ekseli katikati ya tundu bila kukwaruza mdomo wa sili. Sukuma mpaka usikie mlio mdogo wa pete kuingia. Vuta kichwa cha ekseli kidogo. Kikitoka, pete haijashika. Rudia.

Hatua ya 11. Rudisha kila kitu mahali pake. Funga bolti ya kumwagia. Kaza nati ya ekseli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na urudishe pini yake. Nati hii ikilegea, gurudumu liko hatarini.

Hatua ya 12. Jaza oili mpya kupitia tundu la kujazia. Katika magari mengi, kipimo kimetimia oili inapoanza kumwagika kwenye tundu hilo. Lakini gari lazima liwe limelala sawa. Likiwa limeinuliwa upande mmoja, kipimo ni cha uongo. Kisha funga bolti.

Soma kabla ya kununua

Hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Chukua sili ya zamani, ifute, itazame. Sili nyingi zimeandikwa namba. Kwa mfano, utaona 35, 54 na 9. Namba ya kwanza ni upana wa tundu la ndani. Ya pili ni upana wa sili yote kwa nje. Ya tatu ni unene wake. Vipimo vyote ni milimita.

Sili ya kushoto na ya kulia zinaweza kutofautiana. Nyingine zina mshale unaoonyesha ekseli inazunguka kwenda wapi. Linganisha sili mpya na ya zamani ukiwa bado dukani. Usikubali kuambiwa, "Hii itaingia tu."

Soma pia kopo la oili. Makopo mengi ya oili ya gia yameandikwa namba kama 75W-90 na alama kama GL-4 au GL-5. Namba hueleza uzito wa oili. Alama hueleza aina yake. Usibahatishe. Oili isiyofaa inaweza kuharibu sehemu za ndani. Fuata kitabu cha gari.

Baada ya kazi

Endesha gari mwendo mfupi. Kisha liegeshe juu ya boksi safi. Tazama asubuhi, na tazama tena baada ya wiki moja. Kama boksi ni kavu, kazi ni nzuri.

Usimwage oili chafu ardhini, mtoni au karibu na kisima. Iweke katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, kisha uipeleke gereji inakokusanywa. Dumu hilo lisitumike tena kwa maji wala chakula. Nawa mikono kwa sabuni.

Mwisho wa kisa

Sasa turudi kwenye lile gari la nyanya. Fundi alikuwa mzee mwenye uzoefu mwingi. Alifungua giaboksi. Oili iliyobaki ilikuwa kidogo sana. Meno ya gia yalikuwa bado mazima, lakini beringi moja ilikuwa imekwisha.

Fundi alimwambia dereva, "Mwanangu, umefanya vizuri kusimama. Ungeendelea kidogo tu, usingekuwa na giaboksi."

Dereva akasema, "Lakini mzee, sili hii tuliibadilisha mwaka jana."

Fundi hakujibu. Alimwita aje juu ya injini. Akamwonyesha kipumulio. Kilikuwa kimezibwa na tope kavu la masika.

"Mwaka jana mlibadilisha sili," alisema fundi. "Nani alisafisha hapa?"

Dereva alinyamaza. Hakuna aliyesafisha.

Gari lilikaa kwa fundi siku tano. Mama mweka hazina aliandika gharama zote katika daftari. Bei ya sili ilichukua mstari mmoja. Beringi, oili, kazi ya fundi, nauli na matenga ya nyanya yaliyooza vilijaza ukurasa. Mama aliusoma ukurasa ule mbele ya mkutano wa kikundi. Akasema, "Ndugu zangu, dereva aliniambia mapema. Mimi ndiye niliyesema tungoje."

Siku hiyo wanakikundi walikubaliana mambo mawili. Kwanza, kila mwezi wataweka akiba ya matengenezo ya gari. Pili, dereva akileta habari ya kuvuja, gari litakaguliwa kabla ya safari nyingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wewe ziba ufa, lakini tazama pia ni nini kilichopasua ukuta.

Maswali

1. Dereva aliona nini chini ya mwembe?

2. Kazi ya sili ni nini?

3. Utatambuaje oili ya gia?

4. Taja sababu nne zinazofanya sili ivuje.

5. Kwa nini tunalegeza bolti ya kujazia kabla ya kumwaga oili?

6. Kwa nini sili ya mwaka jana ilivuja tena?

7. Je, mama mweka hazina alifanya kosa gani? Na alifanya jambo gani jema? Jadilianeni darasani.

Hesabu

Giaboksi ina oili lita 2. Kila wiki inapoteza robo lita. Baada ya wiki 4 itabaki oili kiasi gani? Baada ya wiki ngapi itakuwa tupu?

Zoezi la kuandika

Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kikundi chako. Mweleze kwamba gari linavuja oili. Eleza inavuja wapi, tangu lini, na unapendekeza nini kifanyike.